Jina la Kumi na Moja

Kwanza lilikuwa tone la maji. Désiré, mpiga gitaa aliyekuwa pia fundi wa sauti, alilisikia ndani ya wimbo waliorekodi, mara tu baada ya jina la mwisho kuitwa: tone moja, zito, lenye mwangwi. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao Lubumbashi haioni hata wingu, na chumba chao cha kurekodia katika mtaa uitwao Kenya kilikuwa kimezibwa kwa magodoro kila ukuta. Alilifuta. Alipousikiliza wimbo upya, tone lilikuwa palepale.

Mapalo, mama aliyeutunga na kuuimba wimbo huo, akamwambia aliache, maana lilimpendeza. Wasanii ndivyo walivyo, nyumba ikiungua husikiliza kwanza moto unavyolia.

Miaka kumi na miwili Mapalo alikuwa akitunga nyimbo za mambo ya kale: reli, kambi za wafanyakazi, waliokuja migodini kwa miguu. Watu walimheshimu sana na hawakumsikiliza. Safari hii aliimba juu ya wachimbaji kumi na mmoja waliofukiwa shimoni huko Kambove enzi za babu zake. Aliutunga kama mwito wa asubuhi kazini: yeye anaita jina, mfanyakazi anaitika "Niko". Kuitika alimpa binti yake Kiki, mwenye miaka saba na sauti safi kama kengele.

Majina kumi alipewa na Nkambo Ngosa, bibi kizee wa Kambove. La kumi na moja bibi alikataa kulitaja. Alieleza kwamba kwao mtu akifa, ukoo humketisha ndugu mmoja, humwita kwa jina la marehemu, na akiitika, hapo jina hupata mahali pa kukaa. Wale kumi walirithiwa. Huyu alikuwa mgeni asiye na ndugu, na hakuna aliyemwitikia, kwa hiyo haitwi. Mapalo aliumia moyo. Kumwacha nje ya wimbo aliona ni kumfukia mara ya pili. Akaenda mwenyewe kwenye kibao cha ukumbusho, akasugua kutu mpaka herufi zikatokea: Kabwe.

Wimbo ukapendwa. Sokoni, kwenye mabasi madogo, kwenye simu za waendesha pikipiki, ulikuwa huohuo. Mapalo alifurahi mpaka akaona haya.

Kisha mchana mmoja Kiki alikuwa akila bukari, ugali wa kwao, na mboga ya sombe, redio ya jirani ikafika kwenye jina la mwisho, naye akaweka tonge chini, akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Niko." Mapalo akacheka. Alipomwogesha, maji ya beseni yakawa mekundu kwa udongo, ingawa mtoto alikuwa ameshinda ndani. Siku ya tatu hakucheka tena.

Maana kila wimbo ulipopigwa popote mtaani Kiki aliitika, na kila alipoitika alipungua, akaanza kukohoa kikohozi kizito cha mwanaume, akaanza kufunika macho kwa kiganja kila atokapo nje kana kwamba jua limekuwa kitu kigeni kwake, akawa anauliza kwa upole mlango uko wapi huku ameketi mlangoni, na nyumba nzima ikashika harufu ya udongo mbichi na moshi wa taa ya kabaidi, taa ya wachimbaji, ambayo hawakuwa nayo, harufu iliyoingia kwenye chakula, kwenye shuka, kwenye nywele za Mapalo mwenyewe.

Zahanati wakapiga picha ya kifua. Daktari aliishika kwenye mwanga, akauliza mgonjwa alifanya kazi shimoni miaka mingapi. Kisha akageuka, akamwona mgonjwa na utepe wake wa njano kichwani, akasoma upya jina lililoandikwa kwenye picha. Kanisani walimwombea siku tatu. Mapalo alizunguka redio zote akisihi wimbo usipigwe, na wengi wakakubali, lakini simu za watu nani atazizima? Aligombana na waendesha pikipiki barabarani huku machozi yanamtoka, nao wakadhani umaarufu umempanda kichwani.

Mwishowe akambeba mtoto mgongoni mpaka kwa Mwalimu Mahamudu, fundi cherehani wa ukoo wa Maniema, anayejulikana mtaa mzima wa Kenya kwa kufukuza majini. Mwalimu alifukiza ubani, akasoma mpaka kanzu ikalowa. Kiki alimtazama tu. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, kama huko juu kumeshakucha.

Mahamudu akafunga msahafu polepole.

"Mama Kiki, jini mi nafukuza," akanong'ona. "Lakini huyu haiko jini. Huyu ni muntu. Ulimuita, mutoto akaitika. Sasa nitamufukuza namna gani mu nyumba yake?"

Mapalo alimshika miguu. Alisema huyu ndiye mtoto pekee aliye naye, wamchukue yeye, wachukue sauti yake, wachukue nyimbo zote. Mahamudu alimwinua, akamwambia arudi kwa yule aliyemkataza.

Kesho yake waliondoka alfajiri katika gari la kuazima, Désiré akiendesha. Njia nzima Kiki hakukohoa. Kadiri walivyokaribia Kambove ndivyo alivyozidi kutabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha Mapalo kuliko kikohozi.

Nkambo Ngosa hakumgombeza. Aliwapeleka kwenye ukingo wa shimo la zamani, jua likiwa utosini, akatoa ushanga mmoja mweupe kwenye uzi, ule anaofungwa mrithi. Akaeleza kwamba jina likishakaa kwa mtu haliwezi kutolewa likabaki hewani, linahama tu. Ataita mara tatu. Atakayetangulia kuitika mara ya tatu, Kabwe ni wake mpaka kufa.

"Unajua kwenye utaenda?" bibi akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Mi najua tu mutoto atarudi," Mapalo akajibu.

"Kabwe."

"Niko," akasema Kiki, kabla Mapalo hajafungua mdomo.

"Kabwe."

Waliitika wote wawili, na mtoto akatangulia kwa pumzi moja. Chini shimoni mawe yakaanza kuporomoka, lakini sauti ya mawe hayo ilikuwa ikipanda, hatua kwa hatua, kama mtu mwenye viatu vizito anayejua njia, na harufu ya kabaidi ikawazunguka mchana huo mweupe, na mkono wa Kiki ukawa baridi na mkubwa kupita kiasi ndani ya mkono wa mama yake, na Mapalo, aliyekuwa amehesabu mapigo ya nyimbo miaka kumi na miwili, akaacha kulisikiliza jina, akaisikiliza pumzi ambayo bibi alivuta kabla ya kuita mara ya tatu, na jina lilipokuwa bado halijaisha mdomoni mwa bibi akasema kwa sauti yake yote, "Niko."

Mawe yakanyamaza. Mahali fulani chini, tone la maji likaanguka.

Bibi akamfunga Mapalo ushanga mkononi bila kumtazama usoni. Kiki akakohoa mara moja, kikohozi cha mtoto, akalalamika kwamba jua ni kali na ana njaa. Désiré akalia kwa furaha kama mjinga.

Wakapanda gari kurudi. Mapalo alikaa mbele, kiganja juu ya macho.

"Mama," Kiki akasema kutoka nyuma. "Mama, nasikia kiu."

Mapalo alimsikia vizuri. Ni mtoto, ana kiu, na alimwonea huruma. Akasubiri, kama mgeni garini, mama wa mtoto huyo amwitikie.