Walichoma Bafle za Bwana Yangu, Mama Yake Akiwa Ameweka Mukono Juu

Moshi ulitokea kwanza kwa bafle ya kushoto, yale masanduku ya spika... moshi mwembamba, kama wa mutu anavuta sigara kwa kujificha. Mukono wa Koko, mama ya bwana yangu, ulikuwa bado juu ya mbao.

Watu walianza kupiga kelele: «Mutoe muzee! Mutoe muzee!» Lakini Koko hakusikia. Masikio yake karibu imekwisha, macho yake inaona ukungu tu. Alifikiri ule mutetemo mubaya uliokuwa unapita ndani ya mbao ndio mwanzo wa sauti ya mutoto wake. Alikuwa anacheka! Wasomaji wenzangu, alikuwa anacheka, na moto ulikuwa unakuja kwenye vidole vyake...

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mujane. Natoka Djugu. Tulikimbia vita, leo naishi hapa Bunia, upande wa Mudzipela, nauza sombe, majani ya muhogo. Shule niliachia primaire ya nne, munisamehe kama maneno inapinda. Jina langu nalificha sababu ya watoto. Lakini majina ya wale walionifanyia hivi, kwa nini niyafiche? Wa kwanza ni Zebede, fundi wa vyombo vya muziki katika chapelle yetu, ndugu katika imani! Wa pili ni Eloi, mwenye kibanda cha aparei, redio na vyombo vya muziki, sokoni. Wasome majina yao wenyewe.

Bwana yangu alikuwa anaitwa Lossa. Alikuwa seremala, na alikuwa muimbishaji. Zile bafle mbili alizitengeneza kwa mikono yake, kwa mbao ya libuyu aliyoitoa Mambasa, nyekundu, nzito kama jiwe. Kila jioni kule kwetu alikuwa anaweka nyimbo, na Koko, mama yake, alikuwa anakuja kukaa pembeni na kuweka kiganja juu ya mbao. Masikio ilikuwa imeanza kumukatalia. Alikuwa anasema: «Mimi nasikilizia mukono.»

Siku ya kukimbia, watu walibeba magodoro. Lossa alibeba bafle! Nilimutukana njia nzima. Ampli yake ya zamani, ile mashine ya kuzipa bafle sauti, kubwa kama valizi, ilibaki na ikachomeka pamoja na nyumba. Kwa hiyo tulifika Bunia na bafle ambazo haziwezi kusema. Ziliketi kwenye pembe ya nyumba kama mabubu wawili.

Alafu Lossa alishikwa na ugonjwa wa ini. Hakumaliza hata musimu mumoja.

Mama mumoja wa koro, kwaya ya kanisa, alikuwa amerekodi Lossa akiimbisha kanisani, na akaniwekea ile sauti ndani ya telefone na ndani ya flashi. Koko alikuwa amekimbilia Nyankunde kwa binti yake. Nilienda kumusikilizisha kwa telefone. Alisukuma telefone kwa hasira. «Hiyo iko nzi ndani ya chupa! Mutoto yangu alikuwa na kifua!»

Ndipo familia ya bwana ikakata shauri. Siku ya kuondoa matanga, Koko atakuja Bunia, bafle za Lossa zitafunguliwa, na mama atamusikia mutoto wake mara ya mwisho kabla masikio haijafunga kabisa. Nikaambiwa: «Weye mujane, tafuta ampli.»

Hapa lazima muelewe desturi yetu. Vyombo vya mufu vinafunikwa na kitambaa, kinafungwa fundo, na hakuna mukono wa kuvigusa mpaka siku familia yote imekusanyika. Shemeji yangu mukubwa ndiye alifunga lile fundo. Kuzitoa bafle nje? Kuzijaribu kidogo tu? Hapana! Ingekuwa matusi kwa mufu.

Na Zebede alijua desturi hiyo vizuri. Ni yeye alishika kitambaa upande wa pili, siku shemeji alipofunga.

Nilienda sokoni pamoja naye. Siye Bunia hatununui aparei bila mutu anayejua, na yeye alikuwa anajua. Eloi alitutolea ampli moja ndogo, nyeusi, ya chuma, kubwa kama Biblia ya pasta. Mbele ilikuwa na vitufe vitatu: moja ya sauti, moja ya besi, moja ya sauti nyembamba. Nyuma matundu ya waya za bafle mbili. Inakula umeme wa transfo ao batri ya paneli ya jua. Bei ilikuwa ya mukono wa mujane.

Mimi si fundi. Lakini nililala na fundi kitanda kimoja miaka mingi, na Lossa alikuwa anasema sana! Alikuwa anasema: usipime ampli na bafle ya muuzaji, maana muuzaji anajua bafle gani inaficha ugonjwa. Ulete yako. Washa bila wimbo, panda na sauti, uweke sikio: ukisikia nyuki, wacha hiyo kintu hapo hapo. Kisha tia wimbo wenye ngoma, uiache iimbe mpaka maharagi yaive, ndipo uweke kiganja kwa mugongo wake. Kama inakataa kiganja, nayo uikatae.

Nilimwambia Zebede maneno hayo yote. Eloi alicheka mpaka akashika tumbo.

«Mama, unataka kununua ampli ao kuoa?»

Lakini walijaribu, na bafle ya Eloi. Na niseme ukweli: ile ampli ilikuwa nzuri! Niliweka sikio langu, hakuna nyuki. Besi ilikuja ya mviringo, si ya kupasuka. Sauti ya muimbaji ilisimama katikati kama mutu yuko mbele yangu. Zebede akasema: «Hii hata Lossa mwenyewe angeikubali.» Machozi ilinitoka pale pale, kati ya waya na redio za watu.

Wakiwa wanataniana juu ya bei, wamenipa mugongo, nilifanya kitu kimoja. Siye wanawake tunaazimana masahani na mabeseni kwa matanga, na kila mutu anachora alama chini ya chombo chake kisipotee. Alama yangu ni muguu wa kuku, mistari mitatu. Niligeuza ile ampli, nikachora muguu wa kuku kwa tumbo yake na ncha ya ufunguo. Sikuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa desturi ya mukono tu...

Alafu Zebede akaniambia: «Mama, hapa soko kelele mingi. Niachie niipeleke, niipime na bafle za chapelle siku kidogo, iimbe sana, tujue kama inavumilia. Si ndivyo Lossa alikuwa anataka?»

Alinikamata kwa maneno ya bwana yangu mwenyewe! Ningewezaje kukataa? Nilimushukuru. Nilimupa hata fungu la sombe!

Alipoirudisha ilikuwa ndani ya kartoni, imefungwa na papye ya gundi kila pembe. «Usifungue mpaka siku yenyewe,» akasema. «Vumbi ya Bunia itaingia ndani.» Nani hajui vumbi ya Bunia? Nikaiweka juu ya kabati. Kila asubuhi nilikuwa naiangalia na kusema: Lossa, siku yako inakuja.

Siku ikafika. Koko aliletwa na moto, pikipiki, kutoka Nyankunde, amefungwa mugongoni mwa binti yake na kikwembe kama mutoto, asianguke. Tulimukalisha kwa kiti mbele ya bafle. Shemeji akafungua fundo. Mbao ya libuyu ikaonekana, bado inang'aa, na watu wote wakafanya «Eeeh!» Koko alitafuta na mukono, akaipata, akaweka kiganja. Akainamisha kichwa kama mutu anaingia kanisani.

Zebede mwenyewe alifungua kartoni. Zebede mwenyewe alifunga waya. Akawasha.

Nyuki!

Nilizisikia mara moja, kabla ya wimbo wowote. Niliruka. «Zebede, zima! Inalia nyuki!»

Hakuniangalia. «Iko inapata moto tu, mama. Hata motokari inalia asubuhi.» Watu wakacheka. Shemeji akaniambia nikae, nisiaibishe familia. Na mimi... nikakaa. Kwa nini nilikaa? Niliogopa nini? Watu?

Akabonyeza flashi. Tukasikia Lossa anavuta pumzi. Wasomaji, ile pumzi! Alikuwa anavuta pumzi namna ile kila mara kabla ya kuanzisha wimbo. Koko akafungua kinywa. Vidole vyake vikajitandaza juu ya mbao...

Neno halikutoka. Ilitoka ngurumo moja, kama ng'ombe anayechinjwa, na haikukata. Zebede alivuruga vitufe, ngurumo ikazidi. Bafle ya kuume ilipiga «pah!» ikanyamaza. Ya kushoto ikaanza kutoa moshi. Alafu moto mudogo, wa rangi ya chungwa, ukatoka kwenye kitambaa cha mbele.

Binti yake alimuvuta Koko kwa nguvu. Shemeji alibeba beseni ya maji ya kuoshea masahani, akamwaga yote juu ya kazi ya ndugu yake! Mabaki ya fufu na samaki yalishuka kwenye mbao ya libuyu. Zebede alikuwa amekwisha kuchomoa flashi na kusimama mulangoni.

Koko alipapasa vidole vyake vilivyoungua. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini.

«Amekataa kuongea na mimi?»

Wamama walianza kulia. Na wifi yangu akanigeukia: «Unaona sasa? Ulinunua takataka ya bei ya chini kwa ndugu yetu! Hata sauti umemunyima!» Kila mutu alisikia. Mimi ndiye nilikuwa muchawi siku ile.

Walipoondoka nilibaki na maji na moshi. Nilichukua ile ampli niitupe kwa shimo. Iligeuka mikononi mwangu...

Tumbo yake ilikuwa safi. Hakuna muguu wa kuku!

Nilienda mbio kwa Zebede, nikamuuliza ampli yangu iko wapi. Alinishika bega kwa huruma, kama pasta. «Mama, kufiwa kunakuchanganya akili. Ni kura ya Bunia imeiua, leo nyingi, kesho kidogo.» Kura? Kwangu hakuna kura, umeme wa mji haufiki! Siku ile tulitumia batri ya paneli, na ni yeye alifunga waya!

Nikangojea. Siku moja muke wa Zebede, anayeuza juisi nyumbani, alikuwa na wateja, na muziki ulikuwa unatoka ndani, muzuri, besi ya mviringo... Nilijua ile besi. Niliingia bila hodi. Ampli ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa na kitambaa cha krosheti. Niliigeuza mbele ya wateja wote. Muguu wa kuku, mistari mitatu!

Zebede alitoka chumbani na taulo shingoni. Munajua alisema nini?

«Aah, mama, hizi ampli zote iko ndugu, zinafanana.»

Nilienda na ile ampli chini ya mukono mpaka kwa Eloi, wateja wawili wakinifuata kama mashahidi. Eloi alipoona watu, aliogopa kwa jina la kibanda chake, akafungua kinywa: «Mimi niliuza nzuri! Zebede alikuja kuchukua ile mugonjwa, ile tuliyoichomelea ndani, inayofanana kwa inje. Nilimufungia kartoni, basi! Hayo iko mambo yenu ya kanisa!»

Kwa hiyo Eloi alijua. Alijua ni ya mujane, alijua ni ya matanga, na bado alikata papye ya gundi kwa mikono yake akafunga.

Nilipeleka habari kwa wazee wa chapelle. Waliniambia nisamehe, shetani asigawanye kundi. Nilienda kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, akaniambia nirudi siku nyingine, na siku nyingine imekuwa nyingine tena. Na Zebede? Kila yenga, siku ya Jumapili, anakaa kwa meza yake ya vyombo, anageuza vitufe, anafunga macho wakati wa maombi!

Nimeipata tena ampli yangu, inafanya kazi. Inafaa nini? Fundi mwengine alifungua bafle: ndani kumechomeka, na mbao imepasuka kwa maji. Nilikodi bafle za plastiki, nikazipeleka Nyankunde pamoja na flashi. Koko aliweka kiganja. Akangoja. Akaondoa mukono. «Hii haina mutu ndani,» akasema.

Wenzangu, munisikilize. Ukinunua ampli, hata ndogo, hata ya bei ya chini, usimupe mutu mwingine aende kuipima mbali na macho yako, hata akiwa anaomba kuliko malaika. Pima na bafle yako. Ukisikia nyuki, simama, piga kelele, watu wacheke, uwaache wacheke! Na kama kitambaa cha mufu kinakuzuia, mwite shemeji afungue fundo siku moja kabla. Mufu hatakasirika. Lossa angenigombeza kwa kutokuzipima, si kwa kuzigusa.

Lakini sijamaliza. Zebede, najua gazeti hili linafika kwa kinyozi jirani yako. Sitaki pesa yako. Sitaki uniombe radhi mbele ya wazee, unajua kuomba vizuri sana. Ninataka upande pikipiki, weye na Eloi wako, muende mpaka Nyankunde. Koko anakaa mbele ya nyumba ya binti yake, vidole vyake vina kovu. Kila mutu anayepita, Koko anamuuliza kama mutoto wake bado amemukasirikia.

Chukua ule mukono, uuweke juu ya kifua chako, maana masikio yake imekwisha kabisa sasa. Alafu useme kwa nguvu, mpaka auhisi ukweli kwa kiganja: si Lossa aliyekataa kuongea.

Utaenda siku gani, Zebede?