Kaseti za Turyalai

Msiniulize nimeyajuaje. Pale Dabgari, Peshawari, hakuna habari inayomfikia mwenyewe kabla haijapita kwangu, na isitoshe ukuta wa Turyalai ndio ukuta wangu.

Turyalai alipiga rubabu, gambusi ya kwetu, na chumbani alikuwa na kabati la kaseti kutoka sakafuni hadi darini: mafundi wa Kabul, wengi wao marehemu. Humo ndimo alimojifunzia. Kwetu mwanafunzi humwendea fundi na sukari guru, akafungwa uzi mkononi, ndipo afundishwe. Turyalai hakufungwa na mtu. Alibonyeza kitufe, akasikiliza, akaiga. Wenzake wakambatiza Bwana Kaseti, na jina likamchoma.

Binti yake Spogmai alipochumbiwa, akamwahidi, "Siku utakayotoka kwangu, mwanangu, nitakupigia wimbo ambao hakuna sikio lililowahi kuusikia."

"Wa kwako mwenyewe, Baba? Si wa kabatini?"

"Wangu! Kabati lifunge mdomo."

Akautunga asubuhi moja. Alipomaliza, mkewe Zarmina akachungulia, unga mikononi.

"Huo si wa yule mzee mwenye kikohozi? Uliweka kaseti yake jana."

"Mwanamke, nimeuzaa sasa hivi!"

"Basi umezaa mzee."

Turyalai akaitafuta kaseti, akaiweka. Ukatoka wimbo wake, vilevile. Katikati mzee akakohoa, akacheka polepole, akasema, "Endelea, Turyalai."

Akatunga mwingine, ukawa kwenye kaseti nyingine. Akatunga wa tatu kichwani tu, bila kugusa uzi wa rubabu, akiwa anatembea sokoni kati ya wauza vitunguu, na aliporudi akaukuta unapigwa chumbani, redio ya kaseti haina umeme, harufu ya sukari guru inayoungua imejaa mpaka barazani ilhali jiko la Zarmina limelala, na mkewe kasimama mlangoni, hathubutu kuingia wala kukimbia.

Wakamwita Mulla Hamdullah. Akanusa kabati, akashusha sauti. "Nani alikufunga uzi?"

"Hakuna, Mulla."

"Yumo mmoja humu. Alikuona unachukua bila kuomba, akajifanya ndiye fundi wako. Kila unachotunga ni chake. Simuwezi."

"Tuzichome?" akanong'ona Zarmina.

"Msithubutu. Mkichoma atatafuta pengine pa kukaa."

"Pengine wapi?"

Mulla alikuwa ameshavaa viatu.

Turyalai hakusikia la mtu. Harusi ilikuwa mlangoni. Akazimwaga zote kwenye tanuri la mikate, moshi mweusi ukapita juu ya mtaa wetu, ukaingia madirishani, tukakohoa sote. Halafu kimya. Kimya kizuri kabisa. Akatunga wimbo mpya, mtamu mpaka akalia, na nyumba nzima haikuwa na kitu cha kumpinga.

Siku ya harusi Spogmai akasimama kizingitini na shali yake nyekundu, Turyalai akaanza kuupiga wimbo ule, na hakufika mbali kabla bibi mmoja wa upande wa bwana harusi hajaanza kuufuata kwa mdomo, akafuata dereva wa gari la maharusi, wakafuata wapishi kule kwenye masufuria ya pilau, hakuna aliyekosea mahali, na hata mimi, ambaye nikiimba mbuzi hukimbia, nilisikia koo langu linakwenda sambamba nao, nikaubana mdomo kwa mkono na wimbo ukatokea puani.

"Baba," akasema Spogmai, "mbona wote wanaujua?"

Turyalai akatoa mikono kwenye rubabu, akaiinua juu aione kila mtu. Hatukunyamaza. Kitoto cha dada yake Zarmina, ambacho hakijaweza hata kusema mama, kikaachia titi na kuendelea nasi.

Spogmai akajifunika shali usoni, akaingia garini. Baba yake akabaki na mikono juu, anatutazama mmoja mmoja, anatusihi kwa macho. Nasi tulikuwa tunamhurumia, wallahi, lakini tulikuwa ndiyo kwanza tumefika katikati.