Kidole cha Kuazima

Msimu wa kuchuma pamba, ukimtafuta Milembe pale Sapiwi, usijisumbue kubisha hodi nyumbani kwake. Nenda shambani. Utamkuta mbele ya wenzake, mfuko kiunoni, mikono inakwenda na mdomo nao haupumziki. Anapiga soga huku anachuma, na bado hakuna anayemfikia!

Lakini mwaka huu moyo wake haukuwa shambani. Mume wake, mzee Mahona, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa hawaoni. Alikuwa anawatambua kwa kuwapapasa.

Kabla ya mavuno, madaktari wa macho walikuja Bariadi mjini kutoka mbali. Walimpima Mahona.

"Mzee, hili linatibika," walisema. "Zamu yako ikifika tutapiga simu. Usipopatikana, nafasi atapewa mwingine."

Wakaandika namba ya Milembe, kwa sababu Mahona hana simu. Kisha wakaenda zao.

Basi, wakakaa kusubiri. Asubuhi moja Milembe akataka kumpigia dada yake. Simu haitoki. Akaizima, akaiwasha. Wapi! Chaji ipo, mtandao wa majirani upo, ila laini yake imefungwa. Alikwenda hadi hospitali ya wilaya kuuliza namba ya wale madaktari. Akaambiwa majina na namba za wagonjwa waliondoka nazo madaktari wenyewe.

Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Wilhelmina, fundi cherehani.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mbona unahema hivyo?"

"Laini yangu imefungwa. Daktari akipiga je? Mahona atabaki gizani!"

Wilhelmina akasimamisha cherehani. "Uliisajili kwa kidole cha nani?"

Milembe akatazama chini. Kisha akasimulia yote.

Laini ile aliinunua mnadani, kwa wakala anayeuza laini chini ya mwavuli. Aliweka kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Wakala akaifuta, akaipuliza, akamwambia, "Mama, wewe huna alama."

"Ng'ombe wangu wana alama, mimi ndiyo sina?" Milembe alimjibu. Watu wakacheka.

Nyuma yake alisimama mwanamume mmoja. "Mimi Yakobo wa Kasoli, wa akina Mayige," alisema. "Weka kidole changu, mayu, twende zetu."

Wakala akakubali. Milembe akashukuru, "Wabeja, baba," akaenda nyumbani na laini yake. Na tusimcheke. Kwetu nani hajaazima? Jembe tunaazima, maksai wa kulimia tunaazima, hata chumvi tunaazima. Aliona kidole nacho ni hivyo hivyo.

"Kidole hakiazimwi, mwenzangu," Wilhelmina alisema. "Laini ni ya mwenye kidole. Mtu akitapeliwa kwa laini hiyo, polisi wanamfuata yeye. Na yeye akiomba ifungwe, inafungwa. Naona Yakobo amekagua."

"Anakaguaje?"

"Anabonyeza nyota, moja sifuri sita, halafu reli. Anaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, ana haki ya kuikataa."

Milembe akapandisha sauti. "Na mimi haki yangu iko wapi? Sheria inataka kidole changu, mashine inakikataa!"

Kweli kabisa. Sheria ni nzuri, inazuia matapeli. Lakini aliyeitunga sijui kama aliwahi kuchuma pamba. Na aliyetengeneza ile mashine, nadhani mikono yake ni laini kama ya mtoto.

Wilhelmina akamwonyesha vidole vyake, vimejaa makovu ya sindano. "Hata mimi ilinikataa. Wewe ulijaribu vipi?"

"Gumba na cha shahada."

"Hivyo ndivyo vinavyochuma. Vitumba vikavu vya pamba vinavichoma kila siku, alama zimelika. Lakini ulipoandikishwa kitambulisho, walichukua vidole vyote. Mwambie wakala ajaribu vingine."

"Mbona yule hakuniambia?"

"Ana foleni. Anataka kuuza, hataki kueleza. Sikiliza. Pumzisha mikono kwanza, ipake mafuta kila siku. Siku ya kwenda, ioshe vizuri uikaushe. Vyote vikigoma, nenda ofisi ya vitambulisho wilayani, waangalie upya alama zako. Usikubali kuambiwa huna."

Kupumzisha mikono, na pamba imepasuka shamba zima! Mahona aliposikia akatikisa kichwa.

"Chuma pamba, mke wangu. Mimi giza nimelizoea."

"Wewe umelizoea, mimi sijalizoea," Milembe alijibu. "Pamba itaota tena mwakani. Macho hayaoti."

Hakuchuma. Jamani, mwanamke yule, ambaye hajawahi kukaa bila kazi, alikaa barazani anapaka mikono mafuta huku pamba inamwita! Wilhelmina akafunga cherehani yake. Akaenda na wanawake wengine, wakamchumia.

Mikono ilipolainika kidogo, Milembe alikwenda Kasoli. Aliuliza kwa akina Mayige, akaonyeshwa nyumba. Yakobo alipomwona tu akashika kichwa.

"Yule mama asiye na alama! Mayu, nisamehe. Niliona namba siijui, nikaogopa. Nikasema ifungwe."

"Hukukosea, baba. Tulikosea wote siku ile. Sasa twende mjini unikabidhi namba yangu, maana daktari anayo hiyo tu."

Wakaenda pamoja kwenye duka la kampuni ya simu, kila mtu na kitambulisho chake. Dada wa dukani, Gloria, aliangalia kwenye kompyuta. Namba bado ilikuwepo. Yakobo akaweka kidole, akakubali iwe ya Milembe. Zamu ikawa ya Milembe.

Gumba, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa.

"Mama, vidole vyako vimekwisha," Gloria alisema, akitazama foleni. "Labda urudi siku nyingine."

Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Milembe aliona aibu. Lakini akamkumbuka Mahona anavyopapasa ukuta akitafuta mlango. Hakuondoka.

"Havijakwisha, mwanangu. Vingine hujavijaribu. Endelea."

Gloria akaendelea. Cha kati, hapana. Cha pete, hapana. Hata cha mwisho, hapana. Wakahamia mkono wa kushoto. Huko nako, hapana, hapana, hapana, hapana. Milembe akaweka kidole cha mwisho, kile kidogo cha kushoto ambacho hakigusi pamba. Mashine ikalia, ikaonyesha jina lake lote.

"Mama, umepita!" Gloria alipiga makofi. Foleni nzima ikacheka na kushangilia. Hata wale waliokuwa wananung'unika walimpa mkono. Gloria naye hakumrudisha tena mtu mlangoni kabla ya kujaribu vidole vyote.

Haikuchukua muda, simu ikaita.

"Tumewatafuta sana," nesi alisema. "Tulikuwa tunataka kumpa mwingine nafasi. Mleteni mzee."

Mahona alifanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza. Bandeji ilipotolewa, nesi akanyoosha mkono na kumuuliza, "Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

Mahona hakuvitazama. Alikuwa ameshika mikono ya Milembe, ameiinua karibu na uso wake. Aliitazama mipasuko, na ncha za vidole zilizolika hadi zinang'aa.

"Nani kasema hii haina alama?" aliuliza, na machozi yakamtoka.

"Usilie, wewe mzee," Milembe alimkemea. "Daktari kasema jicho lisilowe."