Fundi wa Miezi Mitatu

Kaunta ya duka la vifaa vya umeme ilikuwa imejaa watu tangu saa tatu asubuhi, kila mmoja akitaka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Katikati yao alisimama mwanamume wa miaka arobaini na saba, amevaa ovaroli mpya ya buluu yenye mikunjo ya dukani bado. Mkononi alishika orodha aliyopewa na bosi wake, na alikuwa akiisoma kwa mara ya nne. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha historia, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akibabaika mbele ya darasa. Sasa alikuwa mwanagenzi wa umeme, ana miezi mitatu tu kazini, na majina ya swichi yalikuwa yanamtoa jasho.

"Samahani, kaka," ikasema sauti ya mwanamke ubavuni pake. "Wewe ni fundi?"

Aligeuka. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa makamo kama yeye, amevaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa kuanzia begani hadi kwenye pindo. Futi ya kupimia nguo ilikuwa imening'inia shingoni, ni wazi ameisahau huko, na mkononi alikuwa na plagi iliyoungua. Jibu la kweli lilikuwa fupi: bado najifunza. Lakini macho yale yalikuwa yanamtazama kwa matumaini, na mzee mzima akajikuta amesema, "Ndiyo."

Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Mwanamke akamweleza kwamba ni mshonaji, na kwamba kila pasi ikipata moto, vyerehani vinazimika. Mwanagenzi akamuuliza ni vitu vingapi vimechomekwa kwenye soketi moja. Mshonaji akahesabu kwa vidole: pasi, vyerehani viwili, feni, birika na jokofu la jirani.

"Bibie," akasema, "hicho si chumba cha kushonea. Hiyo ni hujuma."

Mshonaji akacheka mpaka watu wa kaunta wakageuka. Wakapeana namba za simu.

Simu ya kwanza ilihusu plagi. Ya pili ilihusu feni. Baada ya wiki mbili simu hazikuwa na sababu tena, wala hapana aliyejisumbua kuitafuta. Akimpigia mchana, mshonaji alianza na "Fundi wangu, umekula?" naye akajibu kwamba amekula lakini hakushiba, kwa vile aliyemzoea hakuwapo. Jumapili walitembea pamoja, yeye amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili, mshonaji kila wiki na gauni jipya ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa la mteja asiye na haraka. Alimpenda. Alipenda namna anavyoshika mkasi, namna anavyonyamaza akifikiri, na namna anavyomtania hadharani bila kumvunjia heshima. Ulikuwa muda mrefu tangu afiwe na mkewe, na alikuwa amejiaminisha kwamba mambo hayo yamempita.

Jumapili moja mshonaji alimsimulia habari za mume wake wa zamani. Mtu yule aliachishwa kazi, asiseme. Kwa miezi kumi na moja aliondoka kila asubuhi na mkoba, akarudi jioni na hadithi za ofisini.

"Sikuachana naye kwa kukosa kazi," mshonaji alisema. "Kazi hupotea. Lakini nilimpigia pasi mashati miezi yote hiyo, na yeye ananiangalia tu."

Maneno yalimjia mwanagenzi mpaka kooni, akayameza. Alijiambia kwamba mtihani wa leseni hauko mbali. Akishafaulu atakuwa fundi kweli, na kilichosemwa pale kaunta hakitakuwa uongo tena. Watu wazima nao wana utoto wao.

Kisha mshonaji akapata zahanati iliyotaka sare thelathini za wauguzi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Akakodi chumba kikubwa zaidi, kisicho na waya hata mmoja ukutani, na akataka nyaya zifungwe na fundi wake, si mtu mwingine.

Ikabidi mwanagenzi amwendee bosi wake. Bosi huyo alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na miaka kumi iliyopita alikuwa ameketi mstari wa tatu katika darasa lake la historia. Sasa yeye ndiye mwenye leseni. Kila asubuhi alimwamkia kwa adabu zote, na salamu ikishaitikiwa, alimtuma juu ya ngazi. Alikubali mwalimu wake aifanye kazi ile, kwa sharti moja: swichi kubwa ifungwe kwa kufuli dogo, ufunguo akae nao yeye, na umeme usiwashwe mpaka amekagua kila soketi kwa mkono wake. Ndivyo alivyofundishwa, na hata kazi zake mwenyewe aliziombea mtu wa kuzikagua.

Mwanagenzi akapanga mambo. Ukaguzi utakuwa Alhamisi mchana, saa ambayo mshonaji huenda kununua nyuzi. Bosi ataingia, atakagua, atafungua kufuli na kuondoka. Mshonaji atakuta taa zinawaka, na hakuna atakayeulizwa kitu.

Alhamisi bosi akachelewa, na mshonaji akawahi. Aliingia na pasi kwapani, kitambaa cheupe begani, uso umechangamka. Akaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa, akakuta kufuli.

"Mpenzi, fungua basi. Sare zinatakiwa Jumamosi."

"Ufunguo sina."

"Anao nani?"

Simu ya mwanagenzi ikaita, akaipokea, na katika ule ukimya wa chumba kitupu sauti ya msichana ilisikika vizuri ikisema kwamba yuko mlangoni. Mshonaji aliinua nyusi. Akaweka pasi chini taratibu.

Bosi akaingia na begi lake la vifaa. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Marahaba," mwalimu akaitikia. Binti akaendelea: "Nifungulie soketi ile ya kwanza."

Wakaenda hivyo, soketi kwa soketi, binti akiuliza, mwalimu akijibu, mshonaji amesimama na kitambaa chake begani. Walipofika soketi ya mwisho, ile ya pasi, bosi akashika kwa koleo waya wa kijani na njano, ule unaoupeleka umeme ardhini pasi ikiharibika, akauvuta kidogo. Waya ukachomoka. Skrubu yake haikuwa imekazwa.

"Mwalimu," akasema kwa upole uliomuumiza kuliko kukemewa, "hapa mawazo yalikuwa wapi?"

Mwalimu alijua yalikuwa wapi. Jumanne alasiri alikuwa amepiga goti mbele ya soketi ile, simu ameibana kati ya sikio na bega, anamwambia mtu kwamba gauni la kijani linampendeza kuliko la zambarau. Na mtu huyo alikuwa papo hapo, uso umemwiva, kwa maana yeye ndiye aliyepiga.

Bosi akamsimamia mwalimu wake mpaka akakaza skrubu, kisha yeye mwenyewe akapima kila kitu upya, akafungua kufuli. Taa zikawaka. Akaaga na kwenda zake, hana habari ameacha nini nyuma.

"Kwa hiyo wewe ni mwanafunzi," mshonaji alisema.

"Ndiyo."

"Na yule mtoto ndiye fundi."

"Ndiyo. Nilitaka nifaulu kwanza, ndipo nikwambie."

"Soketi hiyo ningeisamehe leo hii. Nami nina sehemu yangu." Alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena. "Lakini nilikusimulia mambo yangu yote, na wewe ukanisikiliza na siri yako mfukoni. Nenda tu, kaka. Nina sare thelathini."

Lile neno kaka lilimchoma kuliko yote. Lilimrudisha kaunta, kati ya watu wasiojuana.

Wiki sita zilipita bila simu. Aliandika ujumbe na kuufuta, akaandika mwingine na kuufuta, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa unajitetea. Dada yake mkubwa alimuuliza kama hajatosheka na vituko vya uzeeni, arudi kwenye chaki yake. Hakurudi. Alibeba ngazi, alichimba kuta, alikaza skrubu moja moja akizihesabu kwa sauti. Ovaroli ikapauka magotini. Alikuwa na huzuni na alikuwa anaipenda kazi, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Kisha akaenda kwenye mtihani, chumba kimoja na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe.

Matokeo ya mtihani wa vitendo yalitolewa mchana huohuo. Akayasoma ubaoni, akatoka mpaka getini, akasimama kwenye jua. Safari hii hakuandika kitu. Alipiga.

"Ni mimi," alisema. "Nimeanguka mtihani."

Upande wa pili cherehani kilikuwa kinalia. Kikanyamaza.

"Umeanguka wapi?"

"Taa ya ngazi, inayowashwa chini na kuzimwa juu. Nilichanganya nyaya. Bosi hajajua, dada hajajua. Nimeanza na wewe."

"Unajisikiaje?"

"Vibaya. Naona aibu mpaka sitaki kurudi ndani kuchukua begi langu."

"Usiondoke hapo getini," mshonaji akasema, akakata.

Alikuja na gauni la kazini lenye vipande vya uzi mweupe kiunoni, hakupoteza muda kubadilisha. Alimtazama kuanzia magoti yaliyopauka mpaka usoni.

"Unarudia lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Na ukianguka tena?"

"Nitakupigia."

"Siku hiyohiyo?"

"Kabla sijatoka getini."

Mshonaji aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa na machozi. Alimwambia amekuwa akikasirika kila siku kwa wiki sita, na kila siku amekuwa akiikagua simu. Kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kumpigia kumwambia ameshindwa. Kwamba amemkumbuka sana, na anaona haya kulisema hilo mbele ya askari wa getini. Askari akatazama pembeni.

"Nilikuwa nimepanga nikiwa na leseni mkononi ndipo nikuombe uwe mke wangu," mwanagenzi akasema. "Leseni sina. Nakuomba hivihivi."

Vijana waliofaulu walikuwa wanatoka wakipigiana kelele, na mmoja wao akampungia mkono. Mshonaji akamshika mwanagenzi mkono uliojaa mikwaruzo, asiuachie.

"Huyu aliyeanguka ndiye nitakayeolewa naye," akasema. "Yule atakayefaulu, siku akija, tutamkaribisha nyumbani."