Hodi Chini ya Gari

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi magari, na gari lake mwenyewe ndilo huwa la mwisho kutengenezwa. Mchana ule dada alikuwa amemnunia kweli kweli, hana pa kukimbilia. Akatoa rejeta ya mtumba aliyoinunua kwenye yadi ya magari yaliyopata ajali, akaifunga pale uani, akajaza maji na dawa ya kijani, akawasha.

Ikavuja.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na binti yao wa miaka minne, mpwa wangu, tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Baba, gari limekojoa!"

Tukacheka. Shemeji akabadilisha klipu ya mpira wa chini, akaikaza. Ikavuja. Akabadilisha mpira wenyewe. Ikavuja. Mwishowe akatandika boksi chini ya gari ili aone tone linaangukia wapi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akajipenyeza chini na spana yake.

Ndipo tukasikia hodi. Sauti ya mwanamume, kavu, kama ya mtu mwenye homa.

"Karibu! Pita ndani!" shemeji akajibu kutoka huko chini, bila kuangalia. Nani kati yetu haitikii hodi? Mdomo huitika kabla ya akili.

Geti lilikuwa limefungwa. Nilichungulia nje, barabara nzima haikuwa na mtu. Niliporudi, shemeji alikuwa anatoka chini ya gari akichekelea. Kuvuja kumekoma.

"Fundi ni fundi tu," akajigamba.

Tangu hapo gari halikudondosha hata tone. Lakini kila asubuhi alipofungua kifuniko cha rejeta, maji yalikuwa yamepungua. Alikagua oili, safi. Moshi, safi. Hakujua yanakwenda wapi.

Na Chiriku akaanza kunywa. Kikombe, kisha jagi. Kisha dada akamkuta ameinamia ndoo ya kufulia. Midomo ikampasuka, mashavu yakabonyea. Hospitali walipima sukari, wakapima damu, wakasema hawaoni kitu. Kibaya zaidi, alinyamaza. Mtoto yule, akanyamaza. Niliogopa tutamzika.

Dada akaniita asubuhi moja.

"Njoo uone kitanda," akaninong'oneza. "Usimwamshe."

Nilidhani amekojoa tu. Shuka lilikuwa na doa la kijani. Shemeji akaligusa, akanusa vidole, akaketi sakafuni. Harufu ile tamu ya dawa ya rejeta asingeweza kuikosea.

"Ile hodi," akasema taratibu. "Aliingia."

Aliifungua rejeta, dada akalichoma jikoni lile boksi la chini ya gari, tukakodi teksi, tukaipeleka rejeta yadi. Mzee aliyemuuzia hakutaka hata kuigusa. Akatuambia dereva wa gari ilimotoka rejeta ile alibanwa ndani tangu asubuhi hadi jua la utosini. Watu walifika, tena wengi. Walinyonya mafuta, wakang'oa redio. Aliomba maji. Hakupewa.

"Tumeirudisha," shemeji akasema. "Mwanangu anakufa, mzee. Ichukue."

"Alipiga hodi?"

Shemeji akaitua rejeta chini.

"Mkamkaribisha?" Mzee akatikisa kichwa. "Basi chuma nitakipokea. Mgeni ni wenu."

Tukarudi nyumbani. Gari tulilikuta uani, boneti wazi, kavu. Dada alikuwa bombani nyuma ya nyumba, anachota tena maji. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Shemeji, kwa mazoea, akaugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi."

Kutoka chumba cha Chiriku, sauti kavu ya mwanamume ikajibu.

"Karibuni."

Tuliingia mbio. Mtoto amelala. Midomo imefumbwa. Jagi la kando ya kitanda, tupu. Nikainama nikaangalia mvunguni.

Boksi. Limetandikwa vizuri, na alama ya oili ya kiganja cha shemeji pembeni. Lilikuwa lile lile la chini ya gari, ambalo dada alikuwa amelichoma jikoni, mimi nikiona. Halikuungua hata ncha. Katikati yake palikuwa na tone moja la kijani, lililodondoka kutoka godoroni.

Shemeji akapiga magoti kando yangu.

Likaanguka la pili.