Taa ya Ng'ambo ya Bonde

Basi lilinishusha Mtae, milimani Usambara, jua likizama, mwaka 1975. Nilikuwa nimetumwa kukagua madarasa ya elimu ya watu wazima, na kijiji kikanipa malazi mnarani. Mnara huo Wajerumani waliujenga ukingoni mwa mlima, wapashane habari kwa taa na wenzao wa tambarare. Kijiji kilikuwa kimeuezeka upya na kuweka kitanda juu kwa ajili ya wageni. Jioni ile mgeni nilikuwa mimi tu.

Mtunzaji, Mama Paskalina, aliniletea chai na viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Komea mlango." Akashuka zake.

Ilikuwa miezi saba tangu nimzike mume wangu. Kimya cha nyumbani nilishakizoea. Cha mnarani kilikuwa kingine.

Nikaweka chemli dirishani. Ukungu ulipofunguka kidogo, nikaona taa ng'ambo ya bonde. Moja tu. Ndogo, ya manjano.

Moyo ukanichangamka. Kwa mchezo nikaikinga chemli kwa kanga, nikaifunua. Mara mbili.

Ile taa ikazimika, ikawaka. Mara mbili.

Nikacheka peke yangu. Nikafanya mara tatu. Ikajibu mara tatu... lakini sasa ilikuwa katikati ya bonde.

Nikaacha. Yenyewe haikuacha. Ikazimika... ikawaka chini ya dirisha langu.

Pale hapana njia. Pale ni genge tupu la mwamba.

Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Kisha ngazi za mbao zikaanza kulia. Kwi... kwi...

Zikanyamaza mlangoni.

"Hodi," sauti ya mwanamume ikanong'ona.

Nikainuka, nikausogelea mlango.

"Umeniita, mama. Nimekuja."

Haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya komeo.

Nikaurudisha. Nikaketi sakafuni, mgongo mlangoni, na hadi kunakucha nilimsikia akipumua upande wa pili wa mbao.

Asubuhi Mama Paskalina alinitazama macho.

"Ulimjibu," alisema. Hakuwa anauliza.

Akanieleza polepole. Mwaka uliopita, kwa amri ya serikali, watu wa ng'ambo walihamishiwa kijijini hapa. Mzee mmoja, Abrahamu, alikataa kuliacha kaburi la mkewe. Akabaki kule peke yake. Kila jioni alikuwa akionyesha taa.

"Tulikuwa tunaiona," alisema akiangalia chini. "Tulikatazwa kwenda. Tulipokwenda hatimaye, nyumba ilikuwa wazi, yeye hayupo. Hatujamwona hadi leo. Ila taa... hiyo tunaiona."

"Anataka nini?"

"Sijui, mwalimu. Wewe ndiye wa kwanza kumwitikia."

Nilipanda basi la asubuhi ileile, kazi sijaimaliza. Na mpaka leo sijui kama nilikimbia mzimu, au nilimwacha mtu mpweke nje kwenye baridi.