Mpini wa Kufungulia

Nati iliyoshika kutu lazima ilie. Unavuta, unavuta, jasho linakutoka mpaka kwenye masikio, halafu kwaa! na hapo roho inatulia, maana umeishinda. Lakini mchana huo nati ya ekseli ya lori bovu kuliko yote gerejini ilifunguka kimya. Fundi Taratibu alivuta mara moja tu, ikaja.

"Umeipaka nini?" akauliza shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenzake wa kazi.

"Sijaipaka kitu. Ndiyo faida ya kuchagua chombo, shemeji."

Jina la Taratibu alipewa na mafundi wenzake kwa jinsi anavyonunua vyombo. Soketi, kile kikombe cha chuma kinachovaa nati, ataivika kwenye nati na kuitikisa. Ikicheza hata kidogo, anairudisha. Anataka ya pembe sita, kwa sababu ile ya pembe nyingi hula kona za nati kazi ikiwa nzito. Mpini, ile fimbo ya chuma inayozungusha soketi, ataugonga kwa nyundo asikilize mlio wake, kisha achungulie kichwani kama kuna ufa. Shemeji yake hununua cha kwanza anachokiona, na akizidiwa huchomeka bomba kwenye mpini mfupi na kuning'inia. Meno mawili ya mbele yalimtoka kwa mtindo huo na bado haachi.

Mpini huu mweusi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, Taratibu aliupata kwa muuza vyuma chakavu. Aliupima kwa kila njia anayoijua akakosa kasoro. Chuma kilichokwisha kufanya kazi hakikosi kovu, na mtu mwingine angeingiwa na shaka. Yeye alifurahi kama mtoto. Hata hakujiuliza kwa nini muuzaji aliushika kwa kitambaa.

"Una sharti moja, fundi," muuzaji alimwambia. "Utakachofungulia nao, kifungie nao huohuo. Usiuachie kazi nusu."

Taratibu alicheka njia nzima. Mpini wa kufungulia haufungii! Kufunga kuna spana yake ya kipimo, ile inayolia tik nati ikifika kiwango. Ukikaza kwa mpini mrefu vile utakata bolti, na gurudumu litamkimbia dereva barabarani. Muuza chakavu atajulia wapi mambo hayo? Basi akafungulia malori, akafungulia mabasi, na kila mara akafungia kwa spana ya kipimo, kazi safi, magari yakaenda zake.

Jioni ya siku ile ya kwanza, ya lori bovu, alimkuta mkewe amesimama mbele ya mlango wa stoo, mkono kiunoni, tumbo la mwezi wa mwisho limetangulia mbele.

"Mlango wako umelia leo mchana. Kwaa! Nimeruka na mzigo wangu huu. Tangu hapo haufunguki."

"Mbao imevimba."

"Mvua iko wapi ya kuvimbisha mbao?"

Taratibu alichukua taulo, akaenda kuoga.

Siku zilizofuata likaganda dirisha la jikoni, kisha kabati la nguo, kisha pete ya mkewe ikakataa kutoka kidoleni hata kwa sabuni. Nyumba ikaanza kunuka chuma cha moto. Mkewe alipenda utani, akasema yote haya ni hasira za mke mwenza, yaani mpini, maana Taratibu alikuwa anaurudisha nyumbani kila siku na kuulaza chini ya kitanda asije shemeji akauchomekea bomba. Alitania hivyo mpaka alipoinama kuutoa ili afagie. Akauachia upesi.

"Una joto," alisema, na hakutania tena.

Uchungu ulimshika asubuhi moja baada ya chai. Mama yake alikuwa amekwisha kuja kumsaidia, na shemeji akaitwa alete gari wampeleke hospitali. Taratibu alishika kitasa cha mlango wa mbele. Kitasa kilizunguka vizuri, mlango haukusogea. Akaenda wa nyuma, nao vilevile. Alirudi akaupiga bega ule wa mbele, na kwa nje shemeji akaupiga teke, lakini ulikuwa kama umejengewa ukutani.

"Shemeji, leta nyundo kubwa!"

"Imekatika mpini sasa hivi, kwenye mlango wako huu huu!" shemeji akajibu kutoka nje. "Humo ndani kuna nini?"

Mama mkwe alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga kiunoni, akanong'ona ili binti yake asisikie. "Baba, fanya upesi. Mtoto alikuwa anakuja vizuri, sasa amesimama."

Dirisha la chumbani lilikuwa na fremu ya nondo iliyoshikwa na bolti nne kwa ndani. Taratibu alikimbilia humo pamoja na mama mkwe, akapiga magoti, akauvuta mpini kutoka chini ya kitanda alicholalia mkewe, ukaja mkononi ukiwa na joto la mwili wa mtu. Alivika soketi kwenye bolti ya kwanza akavuta, na bolti ile iliyopakwa rangi juu ya rangi ikafunguka bila mlio, na papo hapo mkewe akapiga ukelele.

"Kuna mtu!" alilia. "Mama, kuna mtu ndani yangu ananikaza!"

Taratibu aliingiwa na hofu lakini mikono ilikuwa imezoea kazi, na dirisha ndilo lilikuwa njia pekee, kwa hiyo akafungulia ya pili, na kwa mara ya kwanza akasikia kile ambacho nyumba ilikuwa ikikisikia siku zote yeye akiwa gerejini, kwaa, karibu kabisa, kutoka tumboni mwa mkewe, na mlango wa chumba ukajibamiza nyuma ya mama mkwe, na harufu ya chuma cha moto ikajaa mpaka macho yakawachonyota, na chini ya kitanda, pale mpini ulipokuwa, kitu kikavuta pumzi ndefu, kama fundi anayejiandaa kukaza kwa mara ya mwisho.

Ndipo akaelewa. Kwa kila alichokifungulia bila kukifungia nao, mwenye mpini, huyo anayehema chini ya kitanda, alikuwa amefunga kitu kingine hapa nyumbani.

"Geuza," alijiambia. "Geuza, mjinga wewe."

Akavika soketi tena, akavuta kuelekea kulia, upande wa kukaza. Kila kitu alichofundishwa kilikataa, mwili wake wenyewe ulikataa, kwa sababu alikuwa anaifunga njia pekee ya kumtoa mkewe, lakini alikaza, akining'inia kama shemeji yake, na bolti ikalia kwaa, ya pili nayo ikalia, na nyuma yake mama mkwe akapaza sauti, "Sukuma mwanangu, sukuma, anakuja!" na mtoto akalia.

Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, shemeji akaanguka ndani kifudifudi.

Mpini waliuzika gerejini na kuumwagia zege. Nyumba ikapoa, pete ikatoka kidoleni, kabati likafunguka. Taratibu alifurahi, na hakutaka kuwaza juu ya malori na mabasi yale yote yaliyokuwa mbali barabarani, yamefungwa kwa spana nyingine.

Siku moja saa nne asubuhi alikaa kitandani kumbembeleza binti yake, mkewe amelala ubavuni, mama mkwe anakunja nepi. Mtoto alikishika kidole chake cha shahada, akakibana kwa nguvu mpaka Taratibu akacheka.

"Mama, njoo uone! Huyu atakuwa fundi huyu."

Mkono ule mdogo ulikuwa na joto. Ukaanza kuzunguka, polepole, kuelekea kushoto, upande wa kufungulia. Kidole kililegea kama nati na hakikutoa mlio wowote.

Uliolia kwaa ulikuwa mlango wa chumba.